Siku Verna Pelkey Aliposhuka Jukwaani

Kwa miaka ishirini na sita hakuna mtu wa Wexcombe aliyejua Verna Pelkey anapendelea nini. Si chama, si kanisa, si hata mboga. Marehemu mumewe, Lyle, alizoea kuwaambia watu pale kwenye duka la chakula cha mifugo, "Nimelala kitanda kimoja na mwanamke yule tangu ujana, na mpaka leo sijui kama maharage yangu anayapenda au anayavumilia." Watu wanacheka, naye Verna amesimama palepale na mfuko wa chumvi ya ng'ombe begani, haongezi neno.

Si kwamba alikuwa bubu. Sauti alikuwa nayo, tena ya kutisha, na ndiyo iliyompa kazi. Mwaka ule mzee aliyekuwa akiongoza mkutano wa mji, ule wa kila mwaka ambao wakazi wote hujadili na kupigia kura mambo yao, alipougua koo, mtu mmoja nyuma ya ukumbi alipiga kelele kwa mzaha, "Mpeni Verna! Akiita ng'ombe wake kule, wangu huku ng'ambo ya bonde wanaanza kutembea!" Ukumbi ukacheka, ukapiga kura, na mzaha ukawa kazi. Tangu hapo, kila Jumanne ya kwanza ya Machi, theluji ikiwa imeanza kugeuka tope, Verna alipanda jukwaa la ukumbi wa shule ya msingi na kinyundo chake cha mbao, na mji mzima ukakaa mbele yake na mabuti ya theluji miguuni.

Mkutano wetu una sheria moja iliyo mama wa sheria zote: hakuna kuzungumza na mwenzako. Ukitaka kumwambia jirani kwamba ni mpumbavu, unamwambia mwenyekiti. "Bi Mwenyekiti, naomba bwana aliyetangulia ajulishwe kwamba ng'ombe wake wanamshinda akili." Mwenyekiti anakujibu, "Umesikika, keti," na basi, imekwisha. Hakuna kupiga makofi wala kuzomea. Mwenyekiti naye hana upande. Akitaka kusema lake, sharti amkabidhi mtu nyundo, ashuke, asimame sakafuni kama wengine. Watu wa miji mikubwa husema huo ni mchezo wa wakulima. Waseme! Hao wenyewe hawawezi kukaa siku nzima wakitukanana kwa adabu, kisha saa ya chakula wakapokezana bakuli la viazi.

Katika miaka yote ile Verna hakuwahi kushuka.

Sasa, mwezi Oktoba kabla ya mkutano huu ninaousimulia, majani yakiwa yamekwisha kuanguka, Verna alikuwa akipanga kuni katika kibanda chake cha kuchemshia utomvu wa miti, ule unaokuwa asali ya kumiminia mkate. Alikuwa na mjukuu wake wa pekee, mtoto wa mwanawe wa pekee, Garth, fundi wa matrekta. Mama wa mtoto aliondoka zamani, akaolewa kwingine, na Garth akalea peke yake. Alijifunza kusuka nywele kwa mikono iliyojaa grisi, na asubuhi nyingine mtoto alikwenda shule na misuko inayonuka dizeli. Jina alilopewa mtoto ni Delphine. Alikuwa na miaka kumi, darasa la tano.

"Bibi," mtoto alisema bila kuacha kupanga, "wewe husemi siri za watu, eti?"

"Hata zangu sizisemi."

"Basi sikiliza. Mimi si msichana."

Verna alibaki na gogo mkononi.

"Nimejaribu kuwa, Bibi. Nimejaribu sana. Ni kama kuvaa mabuti ya mtu mwingine, unatembea lakini unachechemea. Mwalimu Aldous anajua. Nilimwomba aniite Lyle, tukiwa wawili tu wakati wa kusoma. Si mbele za watu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Kama Babu. Umekasirika?"

Mambo mengi yalimjia Verna kwa pamoja. Alitaka kulia kwa kulisikia jina la mumewe katika kinywa kile. Alitaka kumwuliza mtoto kama ana hakika, kama ameona haya kwenye simu ya mtu, kama anakula vizuri. Lakini mdomo ukaenda kwa mazoea yake. "Umesikika," alisema.

Mungu wangu! Mtoto anakufungulia moyo, nawe unamjibu kama mtu aliyekuja kulalamikia mfereji wa barabara. Hakuna mahali pengine duniani ambapo bibi angefanya kosa hilo. Lakini ajabu ni kwamba mtoto alishusha mabega, akapumua, akatabasamu, kana kwamba hilo tu ndilo alilokuwa analitafuta.

"Unataka hoja hii iende kwa baba yako?"

"Bado."

"Basi iko mezani mpaka uiinue mwenyewe."

Wakamaliza kupanga kuni. Kwa siku nyingi baada ya hapo Verna alikuwa akisimama katikati ya zizi, ndoo mkononi, amesahau alichokwenda kufanya, kwa kumwonea kicho mtoto yule. Yeye alikuwa ametimiza miaka sabini na moja bila kumwambia mtu yeyote kilichomo ndani yake. Mtoto wa miaka kumi alikuwa amekisema cha kwake kwa maneno matatu, huku akipanga kuni.

Ila Garth alikuja kula kwa mama yake karibu kila jioni. Alikaa kwenye kiti cha baba yake, akasimulia habari za magiaboksi, akauliza, "Delphine kaniwia kimya siku hizi, Mama, au ni mimi tu?" Verna alimwongezea viazi. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini hakuna anayeiuliza kata inalala vipi.

Januari, Harlan Boutin, mwenye duka la chakula cha mifugo na rafiki mkubwa wa marehemu Lyle, alisikia habari za mji fulani mwingine ambako shule ilimficha mzazi jambo la mtoto wake, akachemka, akakusanya sahihi za kutosha. Hoja ikaingia katika ajenda: mji uitake shule yetu ya msingi imjulishe mzazi mara moja mtoto wake anapoomba kuitwa kwa jina jingine, au kuhesabiwa mvulana badala ya msichana, au msichana badala ya mvulana. Verna angeweza kusingizia mafua, na Fern Labounty, karani wa mji, angeshika nyundo. Lakini mwenyekiti ambaye hajawahi kukosa akikosa siku hiyo, watu wangeanza kujiuliza kwa nini. Akaenda.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye viti vya watoto wa chekechea, magoti yamefika kidevuni. Walimaliza mambo ya barabara na ya lori la kumwaga mchanga kwenye barabara zenye barafu. Kisha Verna akaisoma hoja, na ukumbi ukatulia kiasi cha kusikia theluji inayoyeyuka ikidondoka kutoka kwenye paa.

Harlan alikuwa wa kwanza. "Bi Mwenyekiti, mimi si mtu mbaya."

"Hakuna aliyesema hivyo, Bwana Boutin. Bado." Watu wakacheka.

"Mjukuu wangu akijikwaa uwanjani, shule inapiga simu. Akitapika, simu. Chawa mmoja kichwani, Bi Mwenyekiti, mmoja tu, karatasi inakuja nyumbani! Halafu jambo hili, kubwa kuliko chawa wote wa kaunti hii, mzazi asiambiwe? Mtoto ni wa nani?"

"Umesikika."

Mwalimu Prudence Aldous alisimama. Ni mwanamke mwembamba aliyefundisha nusu ya ukumbi ule kusoma. "Bi Mwenyekiti, sijawahi kumdanganya mzazi, na sitaanza leo. Lakini mtoto anaponong'oneza jambo ambalo bado anatafuta namna ya kulisema nyumbani, naomba nimpe muda. Wengi wao wanataka mlisikie nyinyi. Kwangu wanajaribia tu."

"Wanajaribia kwa mshahara tunaoulipa sisi!" mtu alifoka nyuma. Nyundo ikagonga. "Yeyote anayetaka kusema atakuja kwenye kipaza sauti, au atakwenda kusemea kwenye gari lake," Verna alisema.

Akaja mzee Crowther, ambaye huja kila mwaka na hadithi. "Bi Mwenyekiti, niliwahi kuwa na kuku tembe aliyeanza kuwika. Nikamwacha awike. Mayai sikupata, lakini mbweha walikoma." Pande zote mbili zilicheka sana, kila upande ukiamini mzee ni wake.

Hapo Garth akaja, kofia mkononi. Mji huwa unapenda sana kumsikia akimwita mama yake kwa cheo, na hata siku ile baadhi walitabasamu.

"Bi Mwenyekiti. Mimi namlea mtoto peke yangu, mnajua. Sina mke wa kuniambia nisichokiona. Nategemea macho ya wengine. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sasa, mtu akijua jambo la ndani la mtoto wangu, akanisalimia, akala na mimi, akanificha..." Aliikunja kofia. "Awe mwalimu, awe nani. Mtu huyo simsamehe."

Verna aliushika mpini wa nyundo kwa mikono yote miwili. Mbele yake alikuwa mtoto aliyemzaa, amesema kweli tupu, na kila neno lilimlenga yeye Verna, bila msemaji kujua.

"Umesikika," alisema. Watu wa nyuma hawakumsikia.

Kwa bahati saa ya chakula ilikuwa imefika. Kwa desturi, wanafunzi wa madarasa ya juu ndio wanaoandalia mji: maharage ya kuoka, nyama ya nguruwe, pai za tufaha. Verna aliingia jikoni, akamkuta mjukuu wake na aproni inayoburuta, anakata pai.

"Umemsikia baba yako?"

"Kila mtu kamsikia, Bibi. Ana kipaza sauti."

"Mimi sikusukumi. Nataka ulijue hilo. Hata wakipitisha, hata wasipopitisha. Hoja ni yako."

Mtoto alikata kipande kimoja, kikubwa kuliko vingine, akakiweka kwenye sahani. "Akija kujua baadaye, atasema ulimficha."

"Atasema, na ni kweli nilimficha."

"Na hatakusamehe. Kasema mwenyewe." Alipangusa kisu kwenye aproni. "Sitaki umkose mwanao kwa ajili yangu, Bibi."

Mtoto alichukua sahani kwa mikono miwili, akasukuma mlango kwa mgongo, akaingia ukumbini.

Kutoka jikoni Verna aliona yote na hakusikia kitu. Alimwona mtoto akifika kwenye meza ya mwisho, ambako Garth alikuwa amekaa peke yake. Aliiona sahani ikiwekwa. Mtoto hakukaa, alisimama wima, mikono ubavuni, kama anayesoma shairi siku ya wazazi, na midomo yake ikasogea kidogo tu. Garth aliweka uma chini. Alimtazama mtoto. Alitazama pai. Kisha alinyanyuka, akatoka nje bila koti, na kupitia dirishani Verna alimwona amesimama kwenye tope kati ya magari, mikono kichwani. Mtoto alibaki pale kwenye meza. Hakulia. Baadaye kidogo alianza kukusanya vyombo vya watu.

Verna aliona nywele za mikono yake zimesimama. Alikuwa ameona mengi: ndama wakizaliwa wakati wa dhoruba, Lyle akikata roho kimyakimya asubuhi ya kuvuna majani ya ng'ombe. Hakuwahi kuona ushujaa kama ule, tena uliobebwa na kiumbe kifupi kuliko ufagio.

Mkutano uliporudi, watu walipanga foleni tena kwenye kipaza sauti. Garth alikuwa wa pili. Mabuti yake yalikuwa yameloa, na masikio mekundu kwa baridi.

"Bi Mwenyekiti," alisema, "nina swali."

"Uliza."

"Kwa sheria, siwezi kumwuliza mtu mwingine humu ila wewe."

"Ndivyo ilivyo."

"Basi nakuuliza wewe." Watu wakaanza kugeuza shingo. "Ulijua?"

Ukumbi haukuelewa. Harlan alimnong'oneza jirani yake, "Alijua nini?" Mzee Crowther alidhani ni habari ya tembe. Katika watu wote wale, waliofahamu swali kwa hakika walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na rundo la sahani.

Sheria ile iliyomlinda kila mtu Wexcombe asijibiwe usoni haikuwa na maficho yoyote kwa mwenyekiti. Verna angeweza kusema swali liko nje ya hoja. Lilikuwa nje ya hoja! Angegonga nyundo, na mji ungekubali, kwa sababu mji ulimwamini. Alimtazama Garth. Aliona uso wa mtoto wa miaka sita aliyekuwa akimwuliza kama mbwa atapona.

"Fern," alisema, "njoo ushike nyundo."

Fern Labounty aliinuka nusu, akakaa, akainuka tena. "Verna? Unashuka?"

"Nashuka."

Ngazi za jukwaa ni tano, na goti lake lilikuwa bovu. Hakuna aliyesaidia, si kwa ukatili, bali kwa kuduwaa. Wapo waliosimama bila kujua wamesimama. Verna alikwenda mpaka kwenye kipaza sauti cha pili, kile cha upande wa dirisha, akasimama sakafuni kama mtu yeyote.

"Bi Mwenyekiti," alimwambia Fern, kwa sababu sheria ni sheria, ingawa macho yake yalikuwa kwa mwanawe. "Nilijua. Tangu Oktoba. Niliombwa ninyamaze, nikanyamaza. Nilimwona yeye akila mezani kwangu nikijua, na kila siku ilinikata. Sijui kama nilifanya sawa. Najua tu kwamba halikuwa langu la kusema."

Fern, maskini, alisahau kusema "Umesikika."

Garth aliufuta uso kwa kofia. "Bi Mwenyekiti," alisema, naye pia kwa Fern, sauti inakatika, "asubuhi nilisema mtu kama huyo simsamehe. Sikusema uongo. Sijasamehe bado." Akapumua. "Lakini nimesimama nje kule nikiwaza, hivi mtoto amebeba kitu hiki tangu lini? Na kama asingekuwa na wa kumwambia? Hilo ndilo lililonitia hofu. Kwa hiyo nimekasirika, na nashukuru. Vyote viwili. Sijui mnaviwekaje kwenye hoja. Nimemaliza."

Wengi walikuwa wameanza kukisia, na sisi watu wa Wexcombe kwa umbeya hatujambo, lakini safari hii hakuna aliyemgeukia mwenzake. Walitazama viatu vyao. Verna aliwatazama wale watu, wakali, wabishi, wenye kuchukiana tangu vita vya mipaka ya babu zao, na akaona kwamba walikuwa wakimfichia mtoto mmoja siri yake kwa kutogeuza shingo. Machozi yakamshuka hadharani.

Alipanda tena, akapokea nyundo, akaita kura ya siri. Foleni ilizunguka ukumbi. Garth alitumbukiza karatasi yake, na alichoandika hakumwambia mtu, wala mama yake hakumwuliza. Hoja ilianguka kwa kura chache. Walioshinda hawakushangilia, na Harlan alitangaza palepale, "Bi Mwenyekiti, naomba mji ujulishwe kwamba mwakani naileta tena." Akajibiwa, "Umesikika, Bwana Boutin, na chumvi yangu ya ng'ombe nitaichukua kesho." Wakaendelea na hoja ya paa la maktaba.

Jioni ilipoingia watu walianza kutoka haraka, maana jua la mchana lilikuwa limeamsha miti na utomvu ulikuwa umefurika kwenye ndoo. Watoto walibaki kukunja viti. Garth alikuwa mlangoni, koti mwilini, funguo mkononi. Kila mwaka humwita mtoto wake kutoka palepale, kwa sauti aliyoirithi kwa mama yake, na ukumbi mzima husikia.

Alivuta pumzi ya kuita. Verna, aliyekuwa akifungasha karatasi zake jukwaani, aliacha mikono hewani.

Jina halikutoka. Garth alisimama kinywa wazi, kisha akakifunga. Akavua kofia. Akaanza kutembea, akavuka sakafu yote ya ukumbi, kati ya viti vilivyolala, mpaka upande wa pili, akapiga goti moja kwenye maji ya theluji yaliyoachwa na mabuti ya watu, na akamwuliza mtoto wake kwa sauti ya chini, angependa aitwe nani.

Mtoto akamwambia.